Bega la Kushoto

Gauni lilikuwa limevalishwa sanamu la plastiki lisilo na kichwa, nje ya duka la nguo za jumla, na Fundi alikuwa ameshalipita ndipo moyo ukampiga paa. Akarudi. Akaliangalia mbele, akazunguka akaliangalia nyuma, akajifanya anatafuta bei. Ni lenyewe. Bawa la kitambaa lilianzia bega la kulia, likajikunja mikunjo myembamba, likakata kifua mshazari na kumwagikia bega la kushoto. Kigeni kilikuwa rangi tu, kijani cha kuumiza macho.

"Karibu dada, huo ndio mshono wa mjini sasa," alisema muuzaji, mwanamke mnene aliyekalia robota la nguo.

"Umetoka wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje, dada. Nguo zote nzuri si zinatoka nje?"

Fundi aliingiza mkono kwenye kwapa la kulia, kisha la kushoto. La kushoto lilikuwa limeshushwa vidole viwili. Akapima tena kwa vidole vyake mwenyewe, vilevile alivyopima siku alipolikata.

"Ala! Mbona unanipanulia mali? Unanunua au unakagua?"

"Hili gauni ni langu," Fundi alisema.

"Litakuwa lako ukishalilipia."

Wateja waliokuwa pale wakaangua kicheko. Mle dukani yalining'inia mengine, mekundu, ya bluu, ya madoadoa, yote yameinamia upande mmoja kwenye vitundikio vyao. Fundi aliondoka bila kuaga, na mboga alizotumwa sokoni hakuzinunua.

Sasa ieleweke ni kitu gani kilichokuwa kinamuuma, maana waliosikia baadaye walisema anakuza mambo, gauni ni gauni. Ndiyo, kwa wanaonunua tu. Mshono ule aliubuni kwa ajili ya mtu mmoja, wifi yake, mdogo wa mumewe, anayeishi nao nyumba moja. Wifi alivunjika bega utotoni, mfupa ukaunga vibaya, bega la kushoto likabaki chini. Kila fundi aliyemshonea alimwekea sponji upande huo, na sponji haikukaa: mara iko shingoni, mara iko mgongoni, mpaka Wifi akasema amechoka kutembea na mto. Akawa mtu wa shali, jua liwake, mvua inyeshe. Na kazi yenyewe ni ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, nyuma ya kaunta ndefu ambako mtu anaonekana kichwa na mabega, basi.

Fundi alikaa na tatizo lile mwaka mzima. Mwisho akaacha kulificha bega. Akalishusha kwapa lifuate mwili ulivyo, juu akatupia lile bawa la mikunjo, jicho la mtu likianza kulia literemke lenyewe mpaka kushoto na kuridhika kwamba ndivyo gauni lilivyotakiwa kuwa. Siku Wifi alipolivaa alijitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena, akasema, "Wifi, umeniunga mfupa." Lile shali akalitundika dirisha la jikoni likawa pazia.

Watu wakaliona, wakalitaka, lakini aliyewahi alikuwa Mama Harusi, mke wa mhasibu. Alitaka magauni ya wasimamizi wa binti yake kwa mshono uleule, na sharti alilitoa akiwa bado mlangoni. "La huyu wifi yako sawa, ni mtu wa ndani. Jingine nisilione mji huu mpaka harusi ipite. Sitaki wasimamizi wa mwanangu wafanane na wapita njia." Fundi akaapa kwa roho nyeupe. Kazi ile ndiyo ingemlipia chumba cha barabarani, chenye mlango wa kioo, ambacho mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia alipe mwisho wa mwezi au atoke. Akitoka pale anarudi kushonea nyumbani, pembeni ya kitanda, ambako mteja wa maana hafiki. Vitambaa vya wasimamizi vilikuwa vimeshakatwa, mabega sawa, kila mmoja na vipimo vyake. Kwa hiyo gauni lenye kwapa lililoshushwa lilikuwa moja tu duniani, na Fundi alijua liko kwenye kabati gani.

*

"Gauni lako liko wapi?" alimuuliza Wifi hata viatu hajavua.

"Kabatini. Kuna nini?"

Alilitoa, akaligeuza ndani nje, akalisogeza dirishani. Mafundi wengi hawajali ndani ya nguo, wanasema nani atachungulia. Yeye alikuwa anajali kupita kiasi. Kwapa la gauni lile alilimalizia kwa mkono, kwa uzi wa pamba, mishono midogo sana ambayo mtu asiyejua kazi asingeiona. Sasa hapakuwa na hata mmoja. Palikuwa na mshono wa mashine uliokwenda haraka, na uzi wa nailoni unaong'aa.

"Hili gauni limefumuliwa," alisema. "Kipande kwa kipande, likashonwa upya. Nani alikuwa nalo?"

Wifi aliketi kitandani taratibu.

"Nilimwazima muuguzi wa pale kazini. Alisema ana sherehe. Wiki moja tu, wifi, na lilirudi limefuliwa na kupigwa pasi."

"Na ulimwona nalo kwenye picha za sherehe?"

"Sikumuuliza picha."

"Hukumuuliza! Mwaka mzima nimekaa na bega lako kichwani, nalala nalo, naamka nalo, wewe unalibeba kwenye mfuko wa plastiki unampa mtu?"

"Aliniomba," Wifi alisema, sauti ikaanza kukatika. "Aliniomba mimi, wifi. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniomba nguo yangu. Nilifurahi, basi. Nilifurahi kama mjinga."

Hilo likamtia Fundi hasira zaidi. Akalikunja gauni, akamrushia mapajani.

Mumewe, Mchomeleaji, aliingia kutoka karakana na macho mekundu ya moto wa kazi, akakuta mmoja analia na mwingine anapanga sufuria kwa kelele. Akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kwani ni mtu mpole, kisha akauliza swali la kipole ambalo ni bora asingeuliza.

"Gauni lenyewe si limerudi?"

"Limerudi," Fundi alisema. "Limerudi na watoto mia."

"Mke wangu, usijichoshe. Mimi mageti yote ninayochomelea nimeyaona kwa watu. Mtu analeta picha, nitengenezee kama hili, natengeneza. Hakuna aliyewahi kuja kunidai."

"Kuna geti uliwahi kulifikiria mwaka mzima?"

"Nani atasubiri geti mwaka mzima?"

"Basi nyamaza."

Akaenda kunawa mikono. Walikula, na Wifi alikula kidogo.

*

Mama Harusi hakuchelewa. Alikuja na gari, akashuka na mfuko mweusi, akaumwaga mezani juu ya chaki na makasi. Likatoka la madoadoa.

"Hili amevaa msichana wangu wa kazi," alisema. "Msichana wangu wa kazi! Jana ameniletea chai amevaa mshono wa wasimamizi wa harusi."

"Mama, nisikilize. Wameniibia. Waliazima la wifi yangu, wakalifumua."

"Wamekuibia vipi kitu ambacho unacho?" Mama Harusi alilishika bawa la gauni kwa ncha za vidole. "Au wewe ndiye uliyeliona sokoni ukaja kuniuzia mimi kwamba umebuni? Sema tu. Mafundi nawajua."

"Naapa mama, mimi ndiye niliyelitunga."

"Uliapa na mwanzo."

Pale palikuwa na wateja wengine, mmoja amekuja kupunguza suruali, mwingine kuchukua sare za watoto. Wote ghafla wakapata cha kutazama kwenye simu zao. Fundi alijieleza tena, safari hii kwa sauti ya chini, akionyesha kwapa, akionyesha vidole viwili, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Hata yeye alijisikia hivyo. Mama Harusi akataka kitambaa chake.

"Kimeshakatwa, mama."

"Nipe hivyohivyo."

"Vipande? Utavifanyia nini?"

"Foronya."

Fundi alivifunga vipande vile kimoja kimoja, mbele na mbele, mgongo na mgongo, mabawa ya mikunjo juu yasipondeke. Sijui aliyapanga vizuri kwa ajili ya nani. Mama Harusi alivitupa kiti cha nyuma, akasema malipo ya mwanzo aliyotoa atayafuata mumewe, akaondoka. Mwenye suruali akakohoa, akauliza kama yake itakuwa tayari leo.

*

Wazo la kwenda ofisi ya hakimiliki lilikuwa la Wifi. Alikuwa hajaongea na Fundi siku kadhaa zaidi ya habari za asubuhi, na asubuhi ile alisimama mlangoni amevaa gauni lake, na juu yake shali. Alikuwa amelitoa dirishani.

"Twende," alisema. "Mimi ndiye ushahidi."

Walisubiri kwenye benchi pamoja na watu waliobeba kanda, vitabu na michoro. Afisa aliyewapokea alikuwa baba mstaarabu mwenye miwani. Aliwapa viti, akasikiliza habari yote bila kutazama saa, na kwa kweli angekuwa mkali ingekuwa nafuu, kwani mkali unamlaani ukirudi nyumbani.

"Mama, kama kitambaa kingekuwa na maua uliyoyachora wewe, tungelinda maua," alisema. "Kama una nembo, tungelinda nembo. Mkato wa nguo ni kitu kingine. Nguo ni ya kuvaliwa, kila mtu ana mabega, kila mtu ana mikono. Sheria inaona huwezi kumiliki namna ya kufunika mwili wa mtu."

"Huu si mwili wa mtu yeyote," Wifi alisema.

Akasimama. Akavua shali, akaliweka kwenye kiti. Kisha akachukua lile la madoadoa aliloliacha Mama Harusi, akalipandisha kifuani pake, kwapa juu ya kwapa.

"Tazama bega langu, baba. Usione haya, tazama. Sasa tazama hili la dukani. Wameshusha upande huohuo, kiasi hichohicho. Unadhani wanawake wa mji huu wote walianguka darini pamoja na mimi?"

Mlango ulikuwa wazi. Watu wa kwenye benchi walinyoosha shingo, wote, na mama mmoja akasema "masikini" kwa sauti ambayo alidhani haisikiki. Afisa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Naliona, dada yangu. Mimi naliona kabisa. Ila sheria haina mahali pa kuliandika."

"Hakuna njia hata ndogo?" Fundi aliuliza.

"Labda ungekuja kusajili mchoro kabla mtu yeyote hajalivaa. Na hata hapo wangebadilisha kitu kidogo, kifungo kimoja tu, ikawa nguo nyingine."

"Halina vifungo."

"Wangeongeza."

Wifi alijitanda shali lake, akalivuta mpaka kidevuni. Njia nzima walikwenda wakifuatana, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama watu wasiojuana. Alipofika nyumbani hakulirudisha dirishani.

*

Mwisho wa mwezi ulipokaribia alikuja mtu wa mwisho ambaye Fundi angemtarajia, Tajiri mwenyewe wa duka la jumla. Alikuja kwa miguu, mzee mnene mwenye pumzi fupi, na nyuma yake mchukuzi na robota kichwani. Akaomba maji ya kunywa. Akapewa, mtu hamnyimi mtu maji.

"Nimesikia ulifika ofisini," alisema. "Hukukosea. Mtu hutafuta haki yake. Ila na mimi sikuiba, mama. Mtu aliniletea mkato, nikaununua, nikamlipa."

"Ulimlipa mtu mwingine kwa mkato wangu."

Tajiri alimalizia maji yake. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye bango kubwa la mitindo lililobandikwa juu ya cherehani, lile ambalo kila fundi analo, wanawake warembo wamesimama na magauni yao na namba chini ya miguu ili mteja aseme nishonee namba fulani. Lilikuwa limepauka, kwa miaka ya kuangaliwa.

"Na hawa kina mama," aliuliza, bila kejeli hata kidogo, "aliyewashonea ulimlipa?"

Fundi alitazama bango lake. Namba nane alishaishona mpaka hata usingizini angeishona. Hakuwahi kujiuliza nani aliitunga, na sasa alipojiuliza aliona uso umemwaka moto.

"Basi tuyaache hayo," Tajiri alisema kwa upole. "Nimekuja kwa shida. Magauni yanarudishwa. Mtu akilivaa anaonekana kapinda. Wakataji wangu wameligeuza, wamelipima, hawaoni kosa liko wapi. Mwenye mkato atakuwa anajua."

Fundi angeweza kunyamaza. Huo ndio uwezo pekee uliokuwa umebaki mikononi mwake, na alikaa nao kidogo, akausikia utamu wake. Nje, mwenye nyumba alipita mbele ya mlango wa kioo, akachungulia, akaenda zake.

"Ni kwapa," alisema. "La kushoto. Limeshuka vidole viwili, na bega linalifuata."

"Loo! Hapo tu?" Tajiri alicheka kwa nafuu. "Sasa kwa nini ulilikata hivyo?"

"Nilikosea," Fundi alisema.

Wakakubaliana. Yaliyoshonwa tayari angeyafumua bega la kushoto na kuyapandisha, kwa malipo ya kukunja pindo kila moja. Yatakayokuja yangekatwa sawa tangu mwanzo. Jioni alipomweleza Mchomeleaji, alisema hiyo ni kazi, na kazi ni kazi, na hakukosea. Malipo yale hayakutosha kodi ya mlango wa kioo. Mchomeleaji alikibeba kichwa cha cherehani begani, watu wawili wakabeba meza, na kile chumba akaingia muuza makava ya simu. Bango Fundi aliliacha palepale ukutani.

*

Cherehani ikakaa pembeni ya kitanda, na marobota ya Tajiri yakapangwa mpaka usawa wa dirisha, hivi kwamba ili ufungue kabati ilibidi uyasukume. Fundi aliyafumua na kuyapandisha, asubuhi mpaka jua linazama. Kwa kuwa ni kazi ya kufumua nguo uliyoitunga mwenyewe, alijifunza kutoitazama nzima. Alitazama kwapa tu.

Yeye na Wifi walikuwa wanaongea tena, lakini yale ya chumvi iko wapi na nani amezima jiko. Utani wao wa zamani haukurudi. Wala Wifi hakumwambia kwamba gauni lake, lile la kwanza, lilikwisha. Ule uzi wa nailoni haukuwa uzi. Siku moja kazini alinyoosha mkono kuchukua faili la mgonjwa, kwapa likaachia lote mpaka kiunoni, kitambaa nacho kikachanika. Alilifunga na pini na kukaa na shali mpaka saa za kutoka. Angelileta kwa Fundi? Kwa uso gani? Akalikunja akaliweka chini kabisa ya kabati.

Alasiri moja aliingia chumbani akiwa amesimama kwa namna ambayo Fundi alikuwa hajaiona muda mrefu. Shali hakuwa nalo. Alikuwa amevaa la kijani, lile la kuumiza macho, karatasi ya bei bado inaning'inia shingoni.

Fundi alinyanyuka kabla hajafikiri. Ni mazoea, mtu akisimama mbele yako na nguo mpya unachukua pini. Akazishika midomoni, akazunguka nyuma ya Wifi, akapitisha kiganja begani, akateremka kwapani, akavuta mgongo, akavuta ubavu. Alitafuta mahali pa kuchoma pini. Akatafuta tena. Mishono ilikuwa mibaya, uzi ni uleule wa kukatika, lakini gauni lilikuwa limemkaa Wifi mwilini kana kwamba alisimama kupimwa. Na alisimama kweli, zamani, mbele ya mtu huyohuyo.

"Limekaa, eh?" Wifi alisema, na furaha ikamponyoka. "Wifi, sijawahi. Nimeingia dukani kama watu, nikachukua kwenye kitundikio, nikavaa, nikalipa, nikatoka. Muuzaji hata hakuniangalia mara mbili. Maisha yangu yote sijawahi kununua nguo ikanikaa!"

Kisha akaona uso wa Fundi, na pini midomoni, na marobota.

"La kwanza lilichanika," alisema kwa sauti nyingine. "Niliona haya kukuletea."

Fundi alizitoa pini moja moja, akazirudisha kwenye kopo.

"Halina cha kurekebisha," alisema.

Alirudi kwenye kiti chake, akavuta gauni jingine, akachomeka ncha ya makasi kwenye bega la kushoto. Wifi hakutoka. Alisimama akimtazama akifumua.

"Hayo unayafanya nini?"

"Nayanyoosha. Upande huu unapanda, unakuwa sawa na ule."

"Yote?"

"Yote. Na mapya yatakuja yamenyooka."

Wifi alilishika bega lake, lile la chini, akalibonyeza kama linalowasha.

"Basi niwekee mawili, wifi. Kabla hujayagusa. Nitakulipa mwisho wa mwezi."

Fundi aliinama kwenye robota. Akachagua moja jekundu, moja la bluu, kwa kuwa alijua rangi zinazompendeza, akayakunja vizuri, bawa juu lisipondeke, akampa mikononi.

"Si yangu hayo," alisema. "Utamlipa Tajiri mwenyewe."

Akakanyaga cherehani.